SAFARI YA LIKIZO PAMOJA NA WATOTO KATIKA NCHI TANO ZA KUSINI-MASHARIKI YA ASIA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya mkutano wa Chama, nayo imechapwa kwa ombi la waliohudhuria.)



 Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya safari niliyofanya na jamaa yangu katika mwezi wa Desemba, mwaka 2023, aliongeza chini ya barua swali alilosema kuwa limeulizwa na wanachama wasiopungua watano. Swali lenyewe ni hili: Je, yampasa mtumishi wa mshahara wa mwezi kutoa akiba ya miaka mitano na kuimaliza kwa siku 24 katika nchi za watu, hali fedha ile ile ingalimpatia kiwanja? Swali ni la haki, wala sikuudhika nalo. Nitaeleza kwanza jinsi tulivyokwenda na mambo tuliyoyaona, kisha nitalijibu.

Naanza na sababu. Wengi wenu mmepata uhamisho, nanyi mwajua maana yake. Mimi nilihamishwa mwaka 2020 kwenda kituo cha mbali, na kwa ajili ya shule za watoto na kazi ya mke wangu, nyumba ilibaki pale ilipokuwa. Kwa miaka mitatu nikawa baba wa sikukuu. Nikifika, watoto hunisalimu vizuri, hunipokea mzigo na kuniuliza habari za njiani, kama wampokeavyo mgeni wa heshima. Binti yangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 15, aliniitikia kwa adabu zote, walakini mambo yake alimwambia mama yake tu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hilo jembe sikupewa, maana siku ya tatu nilikuwa stendi ya basi narudi kituoni. Ndipo mimi na mke wangu tulipoazimu kuwa likizo moja, siku zake zote 28, haitatumika kwa kujenga, wala kwa arusi, wala kwa mashauri ya ukoo, bali itakuwa ya sisi watano, katika nchi ambazo hapana hata mmoja wetu aliyezijua, ili sote tuwe wageni pamoja.

MATAYARISHO

Tulichagua upande ule wa Asia kwa sababu tatu. Kwanza, mtu akishafika Singapore wakati ule aliweza kupita Malaysia, Thailand, Kambodia hata Vietnam kwa basi na treni pasipo kupanda ndege tena, na nauli za nchi kavu huko ni nafuu. Pili, Desemba ni wakati wa kiangazi katika Thailand, Kambodia na kusini ya Vietnam, nao ndio mwezi ambao shule zetu zimefungwa. Pwani ya mashariki ya Malaysia hupata mvua kubwa wakati huo. Kwa hiyo tulishika pwani ya magharibi. Tatu, chakula chao kikuu ni wali, na mwenye mtoto wa miaka 8 ajua faida ya jambo hilo.

Fedha tuliiweka kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo. Nauli ya ndege peke yake ilikula zaidi ya nusu. Habari za visa mke wangu aliziuliza balozi kwa balozi na kuandika majibu, maana kila nchi ina sheria yake, nazo hubadilika. Vyeti vya chanjo ya homa ya manjano tuliviweka pamoja na pasi zetu katika mfuko mmoja ambao haukutoka shingoni mwa mke wangu usiku wala mchana.

Kisha tuligawa kazi, kama ilivyo desturi ya ofisi. Binti mkubwa alikuwa Mtunza Hazina: yeye ndiye aliyeshika daftari la hesabu na stakabadhi, na bila sahihi yake hapana senti iliyotoka, hata ya kahawa yangu. Kijana wetu wa miaka 13 alikuwa mwenye Ramani na Saa. Mdogo wa miaka 8 alikuwa mwenye Maji, yaani kuhakikisha kuwa kila chupa imejaa kabla hatujaondoka. Nawasihi msidhani kuwa haya yalikuwa mchezo. Mtoto hutambua upesi kazi aliyopewa ili anyamaze tu, nayo huitupa siku ile ile. Hizi zilikuwa kazi za kweli, kwa maana Mtunza Hazina akikosea, sote twalala na njaa.

SINGAPORE NA MALAYSIA

Singapore ni kisiwa kidogo sana, nacho ni dola kamili tangu kilipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti, 1965. Lugha zake za serikali ni nne: Kimalay, Kichina, Kitamil na Kiingereza. Mambo mawili yaliwashangaza watoto. La kwanza ni amri nyingi zilizobandikwa kila mahali. Hata tunda liitwalo durian, ambalo harufu yake ni kali mno, limekatazwa ndani ya treni, na ubani wa kutafuna umekatazwa kuuzwa tangu mwaka 1992. La pili ni mabanda makubwa ya chakula, ambamo wapishi wa makabila yote hukaa safu moja. Mtunza Hazina aligundua siku ya kwanza kuwa huko ndiko mahali pekee mjini ambapo watu watano hushiba pasipo kufilisika, naye akapiga marufuku hoteli za kula.

Tukavuka kwa basi juu ya tuta lililojengwa baharini, ambalo urefu wake ni kama kilometa moja, nalo lilifunguliwa zamani za Waingereza, mwaka 1924. Tukaingia Malaysia na kufika Melaka. Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa mji huu unatuhusu sisi.

Wareno waliingia Kilwa kwa nguvu mwaka 1505. Miaka sita baadaye, mwaka 1511, waliiteka Melaka. Lango la ngome yao lingali limesimama, nasi tuliliona. Mreno mmoja, Tomé Pires, aliyekaa Melaka muda mfupi baada ya kutekwa, aliandika orodha ndefu ya wafanya biashara waliokuwa wakifika katika bandari ile, na miongoni mwao ametaja watu wa Kilwa na wa Malindi. Basi sisi hatukuwa wa kwanza kutoka pwani yetu kukanyaga mahali pale. Wazee walitutangulia kwa zaidi ya miaka 500.

Nyayo za biashara ile zimo katika maneno. Mtoto mdogo alisikia mtu akisalimiwa "Apa khabar?" akanivuta shati na kuniambia, "Baba, huyu anauliza habari." Kuanzia hapo watoto walifanya shindano la kuwinda maneno. Dunia kwao ni dunia. Subira ni sabar, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, riziki ni rezeki. Yote haya sisi na wao tumeyapata kwa Waarabu. Meza ni meja na bendera ni bendera. Haya yalitoka kwa Wareno. Neno lililotuchekesha ni gereja, ambalo kwao ni kanisa. Asili yake ni neno la Kireno la kanisa, nalo ndilo lililozaa neno letu gereza. Neno lilitoka nyumba moja: kwao likaenda kusali, kwetu likaenda kufungwa! Na asubuhi waliyotuletea wali uliopikwa kwa tui la nazi, mke wangu alitazama sahani, akatutazama sisi, akasema kuwa ametoka mbali sana kuja kula chakula cha nyumbani.

Karibu na Kuala Lumpur kuna mapango ya Batu, mahali patakatifu pa Wahindu, ambapo watu hupanda ngazi 272 kwenda juu. Huko nyani wadogo ndio wenye mji. Mmoja alimnyang'anya mwenye Maji chupa yake, akaifungua kwa meno na kuinywa mbele yake bila haya. Hasara ile iliingizwa katika daftari chini ya fungu la "Wizi."

THAILAND

Kutoka mpakani Padang Besar tulipanda treni ya usiku kwenda Bangkok. Jioni mtumishi wa treni hupita, akageuza viti kuwa vitanda, vya chini na vya juu, na kila kitanda kina pazia lake. Kwa watoto hapana jambo lililoshinda hilo katika safari nzima. Mwenye Saa alitutangazia kuwa tumerudi nyuma saa moja. Kisha akasoma tikiti yake, akapigwa na bumbuazi kuona tumekwenda mbele miaka 543, maana huko huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibuda, na 2023 yetu ni 2566 yao.

Thailand haikupata kutawaliwa na Wazungu, na watu wake hulisema jambo hilo kwa upole na fahari. Adabu zao zataka uangalifu: viatu huvuliwa mlangoni, kichwa cha mtu hakiguswi hata cha mtoto, na miguu haielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu takatifu. Katika hekalu la Wat Pho tuliona sanamu ya Buda aliyelala, urefu wake mita 46, imepakwa dhahabu. Usafiri tulioupenda ni mashua za abiria katika mto Chao Phraya, ambazo nauli yake ni ndogo.

KAMBODIA

Tuliondoka Bangkok alfajiri kwa treni ya daraja la tatu mpaka Aranyaprathet, nauli chini ya baht 50 kwa mtu, tukavuka mpaka kwa miguu. Lakini nawaonya: mwaka 2025 mapigano yalizuka baina ya nchi hizo mbili, na njia za mpakani zikafungwa. Anayetaka kwenda na aulize kwanza.

Usiku wetu wa pili katika mji wa Siem Reap, mtoto mdogo alishikwa na homa kali. Daktari alikuja, akampima damu kwa kuhofia homa ya dengi, akakuta kuwa ni koo tu. Walakini usiku ule hatukujua bado. Katika miaka mitatu mtoto huyu alikuwa ameugua mara tatu, na kila mara mimi nilipata habari kwa simu, baada ya homa kushuka. Usiku ule niliishika mimi kazi ya Maji. Nilimkanda kwa kitambaa hata alfajiri, na alipoamka aliniuliza kama zamu yangu imekwisha. Nikamwambia bado.

Tulipoteza siku mbili, ila hatukupoteza fedha. Tikiti ya kuingia Angkor kwa siku tatu ni dola 62 za Kimarekani, nayo yaweza kutumika siku tatu zozote ndani ya siku kumi. Na watoto wasiofika miaka 12 hawalipi. Mtunza Hazina alikuwa ameyasoma haya kabla hatujanunua. Tulipokwenda tuliona kazi ya ajabu. Hekalu la Angkor Wat lilijengwa na mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12, kwa mawe yaliyoletwa kutoka milima ya Kulen. Kuta zake zimechongwa vita, miungu, pepo na jehanamu, toka pembe hata pembe. Mahali paitwapo Ta Prohm mizizi ya miti imekumbatia kuta kwa nguvu hata mtu hajui kama mti waishika nyumba au waibomoa.

Walakini lililoniingia moyoni kuliko yote katika Siem Reap si la wafalme. Nchi ile ilipigana vita miaka mingi, na mabomu yaliyotegwa ardhini yangali yakikata watu miguu. Kuna chama kiitwacho APOPO, kilichoanzia Ubelgiji na kuhamia Morogoro mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko panya buku hufundishwa kutambua harufu ya baruti. Panya huyo ni mwepesi, hawezi kulipua bomu. Akilisikia, hukwaruza ardhi, naye hupewa kipande cha ndizi. Eneo ambalo mtu mwenye mashine ya kutambua chuma huweza kulimaliza kwa siku nne, panya hulimaliza kwa nusu saa. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020, akastaafu mwaka 2021 baada ya kugundua zaidi ya mabomu mia, akafa Januari 2022.

Tulikwenda kuwatazama. Kijana wa Kikambodia aliyetueleza habari zao alitaja Morogoro mara nne, naye alilitamka jina hilo vizuri. Mwanangu wa miaka 13 hakuweza kujizuia, akasema, "Sisi tumetoka huko!" Watu wote wakageuka kututazama. Nyumbani panya buku ni mharibifu wa mahindi. Kule ni mtumishi mwenye nishani. Sikuwa na haja ya kuwahubiria watoto wangu kuwa nchi yao ina kitu cha kuwapa watu wengine.

Sasa nije kwenye daftari. Kila jioni mimi na Mtunza Hazina tulikaa kukagua hesabu. Kazi ilikuwa ngumu, kwa maana fedha zilikuwa za aina tano. Katika Kambodia hulipa kwa dola na kurudishiwa chenji kwa riel, kiasi cha riel 4,000 na zaidi kwa dola moja. Siku za kwanza tulizungumza tarakimu tu. Kisha, baina ya stakabadhi na stakabadhi, yakaanza kuingia mambo mengine: mwalimu anayemwogopa, rafiki waliyekosana naye, na kwamba hataki kuwa mwanasheria kama nilivyokuwa nikiwaambia watu. Mtu hufungua kinywa kwa urahisi zaidi macho yakiwa kwenye karatasi. Jioni ya mwisho Siem Reap alifunga daftari akaniuliza, "Baba, ukirudi kituoni, hesabu hizi nitamwonyesha nani?" Sikuwa na jibu usiku ule. Nilipata jibu baadaye, nami nitawaambia.

Katika Phnom Penh tuligawanyika. Mke wangu na wadogo walikaa kando ya mto Tonle Sap, ambao kila mwaka wakati wa mvua hugeuza mkondo wake na kupanda nyuma, kwa sababu mto Mekong umejaa na kuusukuma. Mimi na binti yangu tulikwenda Tuol Sleng. Palikuwa shule ya sekondari. Katika utawala wa Khmer Rouge, toka 1975 hata 1979, ambao uliangamiza watu zaidi ya milioni moja na nusu, madarasa yale yaligeuzwa jela, na maelfu walioingia walitolewa kwenda kuuawa. Nawaambieni ninyi makarani wenzangu lililonishtua: kumbukumbu zao zilikuwa safi. Kila mfungwa alipigwa picha, akapewa nambari, na maungamo yake yakaandikwa na kuwekwa katika jalada. Kuna mtu aliyekaa mezani akazipanga karatasi zile kwa utaratibu. Binti yangu aliuliza kama karani yule alijua. Nikamjibu kuwa karani husoma kile anachokiandika. Sote wawili tulirudi kimya.

VIETNAM

Tulimalizia Vietnam, ambako dola moja ilikuwa kiasi cha dong 24,000, na mtoto mdogo akajiona tajiri kwa kushika noti za maelfu. Katika Cu Chi tuliingia mahandaki yaliyochimbwa wakati wa vita, vita vilivyokwisha tarehe 30 Aprili, 1975. Jumla yake yalipita kilometa 200. Yameongezwa upana kwa ajili ya wageni, na hata hivyo mimi nilitoka kwenye mlango wa kwanza, lakini mdogo alikwenda mpaka mwisho akatusubiri huko akicheka. Katika soko la mashua la Cai Rang, mjini Can Tho, kila mwenye mashua hutundika juu ya mti mrefu kielelezo cha kile anachouza: nanasi, boga au kabichi, kwa hiyo mnunuzi huona toka mbali.

Sokoni tuliona korosho nyeupe, zimebanguliwa na kufungwa vizuri. Vietnam ni katika nchi zinazoongoza ulimwenguni kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, nayo hununua korosho ghafi nyingi kutoka Afrika, zetu zikiwamo. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Mtwara, aliushika mfuko mmoja akaugeuza geuza, akauliza bei, akaurudisha mahali pake. Alisema hawezi kununua mara ya pili kitu ambacho baba yake alikiuza.

JIBU LA SWALI

Bwana Mwenye Kiti, sasa nalijibu swali. Kiwanja sikununua, na bei yake imepanda tangu hapo. Hiyo ni hasara, nami naiandika upande wa matumizi bila kuificha. Upande wa mapato naandika haya. Tuliporudi, nilimjibu binti yangu lile swali la Siem Reap: hesabu za nyumba zote ziwe mikononi mwake, naye aniletee kila Jumapili kwa simu, tukizikagua pamoja kama tulivyozoea. Hajakosa Jumapili isipokuwa za mitihani. Mazungumzo yetu huanza na bei ya unga, nayo hayaishii hapo. Kijana wetu anasoma jiografia bila kusukumwa. Na yule mdogo, akiugua, hutaka aletewe simu ili aniambie mwenyewe.

Wala sisemi kwamba kila mwanachama aende Asia. Asiye na uwezo huo na awachukue watoto wake Kilwa, akawaonyeshe magofu ya wale wafanya biashara waliofika Melaka. Au apande nao milima ya Udzungwa. Ninayowausia ni matatu. Likizo iwe nzima, isikatwe vipande kwa shughuli za watu. Mahali pawe pageni kwenu nyote, ili baba asiwe mwenyeji wala mtoto asiwe mfuasi tu. Na kila mtoto apewe kazi ambayo asipoitenda, safari itaharibika. Haya hayahitaji ndege.

Wanachama wengi wameniomba mchanganuo wa gharama. Daftari lenyewe ninalo hapa, lina kurasa 61 na stakabadhi zake. Mtunza Hazina ameniruhusu niliache kwa Katibu muda wa mwezi mmoja, ili atakaye kunakili anakili. Ila ametoa sharti kuwa lisomewe ofisini, lisichukuliwe nyumbani, na asiandike mtu neno pembeni.

 Niko tayari kuulizwa maswali.